Hisa za kampuni ndogo: ukitaka kuuza, nani atanunua?

Mfanyabiashara wa stendi ya Bweri, Musoma, hahitaji tena kupanda basi kwenda Dar es Salaam kununua hisa. Simu yake inatosha, kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Kununua kumekuwa rahisi. Kazi iko kwenye kuuza, hasa ukiwa umeshika hisa za kampuni ndogo.

Kampuni hizo zina dirisha lao, EGM, lililofunguliwa na Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) mwaka 2013. Masharti ni mepesi: hata kampuni changa isiyo na historia ya faida inaweza kuchangisha mtaji kwa umma, alimradi ina mshauri aliyeidhinishwa. Mwaka huohuo iliingia Benki ya Maendeleo, iliyoasisiwa na KKKT Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Zikafuata Mkombozi ya Kanisa Katoliki, Swala ya mafuta na gesi, Benki ya Mwalimu, Mucoba ya Mufindi na Yetu Microfinance.

Ukiitoa Swala, orodha hiyo karibu yote ni ya makanisa, walimu na wenyeji wa wilaya moja. Wengi walinunua kwa kuwa benki ni yao, na kitu chako hukiuzi ovyo. Asiye wa kundi hilo naye haoni sababu ya kuingia. Ndiyo maana siku zinaweza kupita bila hisa kuuzwa. Ubao ukiandika Sh500, umekwambia tu bei ya mauzo ya mwisho, hata kama ni ya miezi iliyopita. Haukuahidi mnunuzi.

Ukubwa nao si dawa. African Barrick Gold, baadaye Acacia, iliyomiliki mgodi wa North Mara katika mkoa huohuo wa Musoma, Mara, iliorodheshwa DSE Desemba 2011 ikitokea London. Hisa zake hapa hazikuuzwa kwa nadra tu. Zilikuwa kama pambo la ubao, hadi Barrick ilipowanunua wanahisa wengine mwaka 2019.

Hatari nyingine ni kampuni yenyewe kuyumba. Desemba 2022 Benki Kuu iliiweka Yetu chini ya usimamizi wake kwa upungufu wa ukwasi na mtaji. Mwenye amana ana Bodi ya Bima ya Amana. Mwanahisa hana kinga hiyo.

Kabla ya kutuma fedha, mwulize dalali wako hisa ngapi zimeuzwa miezi ya karibuni. Kisha uliza gawio: kwa kampuni iliyoorodheshwa hukatwa kodi ya asilimia 5, badala ya 10, na halisubiri mnunuzi.