Mkono wa Kushoto: Ni Lazima Unyooke?

Sisi watu wa pwani tumezoea kuuona mchezo wa gofu kwa mbali, nyuma ya ua, pale Mombasa au Nyali. Nami niliujua hivyo hivyo mpaka nilipokaa Nakuru, mji ulio yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, chini ya mlima Menengai. Hewa ya huko ni nyepesi, na mpira uliopigwa vyema huenda mbali kuliko kwetu.

Kila mwalimu niliyemsikia alikuwa na wimbo mmoja kwa wapigao kwa upande wa kulia: "Mkono wa kushoto, nyosha!" Maana ipo. Bega ni kama ncha ya bikari, na mkono ndio kipimo cha duara. Kiwiko kikikunjika fimbo inapoinuliwa, kisha kisirudi kilivyokuwa, fimbo hupita juu ya mpira au huchimba ardhi.

Lakini palikuwa na kijana mbeba fimbo ambaye kiwiko chake kilivunjika utotoni kikaunga vibaya. Aliambiwa, "Wewe utabeba tu, kupiga hutaweza." Neno hilo lilinichoma, maana si kweli.

Mwaka 1954 Ed Furgol, mwenye mkono wa kushoto uliopinda tangu ajali ya utotoni, alishinda mashindano makuu ya wazi ya Marekani. Baadaye akaja Calvin Peete, Mmarekani mweusi aliyekuwa akiwauzia bidhaa vibarua wa mashambani, akaanza gofu akiwa na miaka 23. Naye kiwiko chake cha kushoto kilivunjika utotoni na hakikunyooka tena. Alishinda mashindano 12 ya PGA, na kwa miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990, hakuna aliyempita kwa kuuweka mpira wa kwanza ndani ya njia yake.

Siri ni nini? Mkono wake ulipinda, lakini ulipinda kiasi kile kile akiinua fimbo na akipiga. Kipimo hakikubadilika.

Na mwenye mkono mzima naye asiukakamaze kama chuma, kwani bega hufungwa na pigo likafa. Aunyoshe kama kamba ya nanga: imenyooka, lakini hai.

Basi walimu wasiuache wimbo wao, ila wauongezee ubeti: kipimo kisibadilike. Na kabla ya kumwambia mtoto wa mtu kwamba hawezi, wampe fimbo kwanza, apige.