Je, Wajua? Sumaku Inayolinda Injini ya Ndege

Je, wajua kwamba fundi wa ndege anaweza kugundua beringi inayolika bila kuifungua injini? Kwenye njia ya oili huwekwa sumaku ndogo ya kunasa chembe za chuma. Fundi huichomoa, huifuta kwa kitambaa cheupe, kisha huinamia na kutazama. Ujiuji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande bapa vinavyometameta kama magamba ya dagaa ni habari nyingine: beringi au giya imeanza kubanduka.

Turbini nayo huchunguzwa kwa kamera nyembamba inayopenyezwa kwenye tundu ubavuni mwa injini, huku rota ikizungushwa polepole ili kila panga lipite kwenye skrini. Na mapanga hayo yanastahili jicho kali! Gesi inayoyapiga ina joto kupita kiwango cha kuyeyusha chuma chake. Yananusurika kwa sababu hewa ya kupoza hupita ndani yake na kutokea kwenye vitundu vidogo mno. Vitundu vikiziba, panga huungua.

Hupimwa pia joto la gesi ya ekzosi ndege inapopaa: injini ikichakaa, joto hupanda kuelekea kikomo.

Kazi hii yataka subira kubwa. Julai 19, 1989, diski ya feni ya ndege ya DC-10 ilipasuka angani nchini Marekani, na watu 112 wakafa. Wachunguzi walibaini kwamba ufa ulikuwepo tayari wakati wa ukaguzi wa mwisho, ila haukuonwa.