Kiti cha Ofisi: Kwa Nini Miguu Mitano?

Watu wengi hudhani kwamba kiti ni kazi ya seremala tu, isiyohitaji elimu kubwa. Dhana hiyo si sahihi. Kiti cha ofisi, kile kizungukacho, kipandacho na kushuka, ni mtambo mdogo. Kiwanda kinachokiunda hakina budi kujibu maswali ya fizikia na ya kemia, na kosa katika jibu moja huweza kumvunja mtu mgongo.

Viti vya namna hii vina historia ndefu. Mwaka 1849 Mmarekani Thomas Warren alibuni kiti cha chuma chenye kuzunguka, kilichokuwa na springi chini ya kikalio na magurudumu madogo miguuni. Mwaka 1851 kiti hicho kilionyeshwa katika Maonyesho Makuu ya London. Hata hivyo, kwa miaka mingi iliyofuata viti vya ofisi viliendelea kuwa na miguu minne. Je, mguu wa tano ulitoka wapi?

Tuseme kila mguu una urefu wa sentimita 30 kutoka katikati hadi kwenye gurudumu. Tukiyaunganisha magurudumu kwa mistari iliyonyooka, tutapata umbo lenye pande. Kiti hupinduka pale kitovu cha uzito wa mkaaji na kiti chake kinapovuka mmojawapo wa mistari hiyo. Kwa miguu 3, mstari huo uko sentimita 15 tu kutoka katikati. Kwa miguu 4, ni sentimita 21. Kwa miguu 5, sentimita 24. Na kwa miguu 6, sentimita 26. Basi mguu wa tano hutupatia sentimita 3 za usalama. Wa sita hauongezi hata 2, ilhali huongeza gharama na kuzuia nyayo za mkaaji. Kwa sababu hiyo kiwango cha Ulaya kiitwacho EN 1335 huagiza kwamba kiti cha kazi cha ofisini kikanyage sakafu mahali pasipopungua patano.

Sasa tutazame nguzo ya katikati. Ndani yake mna silinda ya chuma iliyojazwa gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa. Pistoni huigawa silinda sehemu mbili, na baina yake mna njia yenye vali. Mkaaji avutapo wenzo, vali hufunguka na gesi hupita. Kanieneo huwa sawa pande zote mbili, lakini upande mmoja wa pistoni umeshikwa na ufito, hivyo eneo linalosukumwa huko ni dogo zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayokiinua kikalio kitupu. Mtu akikalia, uzito wake hushinda msukumo huo, na kiti hushuka. Wenzo ukiachwa, vali hufunga njia, nacho kiti hutulia palepale. Kwa kuwa gesi imeshindiliwa, silinda isitobolewe kamwe, wala isitiwe motoni.

Mto wa kikalio nao ni kazi ya kemia. Vimiminika viwili huchanganywa na kumiminwa katika kalibu. Humo huumuka kama unga uliotiwa hamira, kisha huwa sponji. Kimoja kati ya hivyo, isosayanati, hutoa mvuke uwezao kuwaletea wafanyakazi ugonjwa wa pumu. Kwa hiyo kiwanda chenye busara huwawekea mitambo ya kuvuta hewa chafu.

Viwanda vingi haviundi sehemu hizi zote. Hununua silinda hapa na miguu kule, kisha huziunganisha. Mnunuzi hawezi kuuona ubora wa chuma kilicho ndani, ndiyo maana majaribio ni ya lazima: mashine huangusha uzito juu ya kikalio na kuusukuma mgongo wa kiti mara maelfu kwa maelfu.

Basi, msomaji, kabla ya kulipa, kipindue kiti. Hesabu miguu yake. Tazama kama silinda imechapwa alama ya kiwango. Kisha ukikalie, na ukirekebishe mpaka nyayo zako zote zikanyage sakafu na mapaja yatulie bila kubanwa. Kiti kisichokubali kurekebishwa hivyo hakikufai, hata kingependeza namna gani.