Sababu za hoteli ndogo kuzua mzozo mkubwa Bali

KWA mwekezaji, kipande cha ardhi kilicho wazi kando ya bahari ni mahali pa kujenga nyumba kumi za wageni, kidimbwi cha kuogelea na mkahawa. Kwa Wahindu wa kisiwa cha Bali, nchini Indonesia, huenda kipande hicho ni sehemu ya hekalu, hata kama hekalu lenyewe liko mwendo wa nusu saa kwa miguu.

Hapo ndipo chanzo cha mizozo mingi ya ardhi kisiwani humo. Mgeni huona ukuta wa hekalu na kudhani kuwa utakatifu unakomea hapo. Mwenyeji hupima kwa kipimo kingine.

Wahindu hao si wahamiaji kutoka India, kama wale ambao msomaji wa Nairobi au Mombasa amewazoea. Ni wenyeji wa kisiwa, na ni zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wake, katika taifa ambalo raia wake wengi ni Waislamu. Dini yao imechanganyika na mila za mababu. Milima ni makao ya miungu, nayo bahari ni mahali pa kutakasa. Kabla ya Nyepi, mwaka mpya wao unaoadhimishwa kwa kimya cha siku nzima, vijiji huandamana hadi ufuoni vikibeba vyombo vitakatifu. Hoteli ikizungushia ufuo ua, msafara huo hauna pa kupita.

Zaidi ya hayo, kuna suala la unajisi. Aliyefiwa haruhusiwi kuingia hekaluni kwa muda, wala mwanamke aliye katika siku zake. Hoteli ni mahali ambapo watu hulala, huugua na pengine hufa, na maji machafu hutoka humo kila siku. Kwa mtazamo huu, idadi ya vyumba haibadilishi lolote.

Mzozo uliotikisa kisiwa kizima ulihusu Tanah Lot, hekalu lililo juu ya mwamba baharini katika wilaya ya Tabanan. Mnamo 1993, kampuni ya familia tajiri ya Bakrie ilitangaza kujenga hoteli na uwanja wa gofu karibu na hapo. Wanafunzi, wasomi na viongozi wa dini walipinga, jambo lililohitaji ujasiri chini ya utawala wa Rais Soeharto.

Januari 1994, baraza kuu la Wahindu, Parisada, lilitoa agizo la kidini lililoweka mipaka. Mahekalu makuu yalitengewa umbali wa angalau kilomita 5, na yale ya daraja la pili, likiwemo Tanah Lot, kilomita 2. Hekalu la kijiji lilipewa umbali wa kurusha jiwe au ukuta wake tu. Ndani ya mipaka hiyo, ni majengo yanayohusu ibada pekee yaliyokubalika.

Hata hivyo, hoteli ilijengwa baada ya mipango kurekebishwa, na ikafunguliwa 1997. Agizo la makuhani halikuwa sheria ya nchi. Iliwabidi Wahindu wangoje hadi 2009 ndipo mkoa ukaingiza vipimo hivyo katika sheria ya matumizi ya ardhi.

Sheria nayo ilileta kilio kipya, safari hii kutoka kwa Wahindu wenyewe. Huko Pecatu, karibu na hekalu la Uluwatu, wakulima wa ardhi kame walilalamika kuwa kilomita 5 zilimeza takriban kijiji chote. Wao huenda kusali Uluwatu, lakini shamba lisilotoa mpunga lina thamani pale tu linapoweza kukodishwa kwa mjenzi. Lalama hizo si za kupuuzwa. Anayetetea utakatifu akiwa mjini hana shamba la kupoteza.

Msomaji wa Pwani anayekumbuka vuta nikuvute kuhusu misitu ya kaya za Wamijikenda atayatambua mengi hapa.

Hoteli ya Tanah Lot ilifungwa 2017, mmiliki mpya akipanga kuibomoa na kujenga nyingine kwa jina la Trump. Hekaluni, watalii huendelea kumiminika kutazama jua likizama, wakipitia katikati ya vibanda vya wachuuzi wa kijiji.