Stata Inalia 'Tak', Injini Haizunguki

Asubuhi ya baridi mwezi wa Julai, kwenye steji yoyote ya Kitengela, hutakosa mwendeshaji anayebonyeza kitufe cha stata mara mbili tatu kisha anashuka kusukuma. Pikipiki inalia 'tak', injini imetulia tuli. Wenzake hawakawii kutoa hukumu. Mmoja anasema betri imekufa, mwingine anasema ni rilei, na fundi wa karibu anamaliza: "Stata mota imeungua hiyo, boss. Tubadilishe." Yeyote kati yao anaweza kuwa na haki, ila hakuna aliyepima chochote.

Huo mlio ndio ushahidi wa kwanza, na unasema mengi. Stata hutumia njia mbili za umeme. Njia nyembamba inatoka kwenye betri, inapita swichi ya ufunguo, swichi ya klachi au ya niutro, kisha kitufe cha mkononi, mpaka kwenye rilei. Hiyo hubeba ampea chache tu, na kazi yake ni kuigeuza koili ya rilei kuwa sumaku ili ivute kipande cha shaba kiunganishe ncha mbili nene. Shaba ikigonga ncha hizo, ndipo unaposikia 'tak'. Baada ya hapo njia nene huchukua kazi: kutoka betri, kupitia rilei, hadi kwenye mota ya stata, kisha kurudi betri kupitia bodi ya injini na waya wa hasi. Hii hubeba makumi ya ampea kwa sekunde chache.

Kwa hiyo ukisikia mlio, achana na kitufe, ufunguo na swichi ya klachi. Zingekuwa mbovu usingesikia kitu. Ubovu uko kwenye njia nene, au kwenye betri inayoilisha.

Sikiliza tena kwa makini. Ikilia ta-ta-ta-ta mfululizo, betri ndiyo mshukiwa wa kwanza. Rilei inafunga, mota inavuta umeme, volti zinaporomoka, sumaku inalegea, rilei inaachia, volti zinapanda, inafunga tena. Ikilia 'tak' moja nzito kisha kimya, washa taa kubwa uiangalie huku ukibonyeza. Taa ikififia sana, umeme unavutwa kwa nguvu: betri ni dhaifu, au mota imekwama. Taa isipobadilika hata kidogo, umeme haupiti kabisa. Tafuta ncha za rilei zilizoungua, waya uliokatika au kaboni za mota zilizoisha.

Kabla ya kugusa spana, zima ufunguo upige kiki taratibu kwa mkono au mguu. Kiki ikishuka kawaida, injini haijashika. Ikigoma kama jiwe, usiendelee kubonyeza stata. Huenda kabureta imevujisha petroli usiku kucha hadi silinda ikajaa, hasa kama koki ya tangi iliachwa wazi. Toa plagi, piga kiki petroli itoke, mbali na moto na sigara, na ubadilishe oili kwa sababu nayo itakuwa imechanganyika na petroli.

Sasa mita. Ile ndogo ya kidijitali inayouzwa kwa shilingi mia chache inatosha, na ingefaa kila steji iwe nayo yake. Pima betri ikiwa imepumzika. Betri ya risasi na asidi ya volti 12 iliyojaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.0 imebaki na chaji kidogo; chini ya 11.8 usiilaumu stata. Lakini namba ya betri iliyopumzika inaweza kukudanganya. Acha mita ikiwa imeshikwa pale pale kwenye betri, bonyeza stata, utazame inashuka hadi wapi. Ikibaki juu ya 10, betri ina nguvu. Ikiporomoka hadi 8 au 6, imechoka hata kama dakika iliyopita ilisoma 12.6.

Betri ikifaulu na stata bado inagoma, tunaingia pale ambapo pesa nyingi hupotea bure. Mwendeshaji atakuambia, "Lakini taa zinawaka vizuri, honi inalia, waya ziko sawa." Hebu tupige hesabu. Tuseme chini ya boliti ya betri pameota unga wa kijani wenye ukinzani wa ohmu 0.1, kitu kidogo ambacho mita ya kawaida hata haitakionyesha vizuri. Taa ya wati 35 huvuta takriban ampea 3. Zidisha: 3 kwa 0.1 ni volti 0.3 zilizopotea. Huwezi kuona tofauti kwenye mwanga. Stata ikivuta ampea 50 kupitia unga ule ule, 50 kwa 0.1 ni volti 5. Betri ina 12, mota inapata 7, na haizunguki. Ni kama mfereji ulioziba: ukiufunga presha ipo, ukiufungua maji yanachuruzika.

Mazingira ya huku yanasaidia sana kuzalisha hiyo ohmu 0.1. Kwenye barabara za ndani za Noonkopir, mvua ikinyesha, ule udongo mweusi unaonata hujaa chini ya injini na kugandia pale waya wa hasi unapofungwa. Hukaa hapo na unyevu wake hadi boliti inashika kutu. Kiangazi kikija, vumbi na mtikisiko wa njia za mawe kuelekea ndani ya Isinya na Kajiado hulegeza boliti za betri. Zile betri ndogo zina nati ya mraba isiyoshikizwa, inayoelea ndani ya kichwa cha risasi. Ukikaza boliti bila kuibana nati kwa kidole, unahisi imekaza kumbe nati imekaa upande. Shika waya wa betri uutikise. Ukicheza hata kidogo, umepata jibu bila kununua kitu.

Pima njia nene yenyewe ikiwa kazini. Weka waya mwekundu wa mita kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye boliti ya waya unaoingia kwenye mota, kisha bonyeza stata. Ukisoma chini ya volti 0.5, upande wa chanya ni mzima, rilei ikiwemo. Ukisoma 12, umeme unakatikia katikati. Rudia kati ya hasi ya betri na chuma kitupu cha injini. Hapo zaidi ya 0.3 ni dalili ya waya wa hasi mbovu. Katika pikipiki za kazi mimi huanza na hasi, kwa sababu ndiyo inayolala matopeni na ndiyo isiyokumbukwa na mtu.

Kusafisha si kazi ngumu. Toa waya wa hasi kwanza ndipo utoe wa chanya, na wakati wa kurudisha anza na chanya, ili spana ikigusa fremu isipige shoti. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Asidi iliyomwagika huoshwa kwa maji yenye magadi, yale yale ya kulainishia maharagwe. Magadi huua asidi, na sisi wa Kajiado hatuna kisingizio cha kuyakosa maana Ziwa Magadi liko ndani ya kaunti yetu. Angalia tu yasiingie ndani ya betri.

Kama upande wa chanya ndio unaopoteza volti, rilei inajulikana haraka. Weka gia niutro, zima ufunguo, kisha unganisha ncha mbili nene za rilei kwa bisibisi nene yenye mpini wa plastiki. Cheche zitaruka, kwa hiyo usifanye hivyo penye harufu ya petroli wala karibu na betri iliyotoka kwenye chaji, kwani hutoa gesi ya haidrojeni. Mota ikizunguka, rilei ndiyo mbovu, na rilei ni spea ya bei nafuu. Isipozunguka ilhali betri na waya ni nzima, mota ndiyo yenye shida. Hata hapo usikimbilie kununua nyingine. Igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi huku mwenzako akibonyeza. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake zimeisha au zimekwama kwa vumbi. Kaboni mpya na kusafisha shaba inayozunguka ndani yake ni kazi ya muda mfupi, na gharama yake haikaribii ya mota nzima.

Baada ya stata kupona, uliza ni nini kilichoichosha betri. Safari za mjini Kitengela ni fupi: unawasha, unampeleka abiria, unazima, unawasha tena. Kila kuwasha kunatoa chaji, na mwendo mfupi haurudishi yote. Ongeza redio na spika, taa za rangi, chaja ya simu, pamoja na kifaa cha kufuatilia pikipiki za mkopo ambacho hunyonya umeme hata ukiwa umelala. Injini ikinguruma kwa kasi ya wastani, pima betri: inapaswa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, koili ya magneti au rektifaya haichaji, na betri mpya utakayoiweka itakufa kama ile ya kwanza. Ikipita 15, rektifaya inaichemsha betri hadi maji yanakauka.

Na ukilazimika kununua mpya, zile zinazojazwa asidi dukani zinahitaji kutulia, kisha kuchajiwa polepole kwa saa kadhaa kabla ya kufungwa. Ukikabidhiwa ikiwa moto moto kutoka kwenye kopo la asidi, hutapata nguvu yake kamili.

Ile ya zamani usimpe mtu wa kuivunjia nyuma ya kibanda. Risasi yake ni sumu, mbaya zaidi kwa watoto. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu hiyo mwilini, na Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufaa zikafuata, hadi Mahakama ya Juu ilipouthibitisha ushindi wao Desemba 2024. Irudishe betri yako dukani. Maduka mengi huipokea na kukupunguzia bei ya mpya.