Kompyuta ya zamani ikikwambia kivinjari kimezeeka, angalia saa kwanza

Wiki iliyopita tulipotoka swala ya alasiri, maalim wa madrasa ya mtaani kwetu alinishika mkono mlangoni mwa msikiti. "Mwanangu, hebu pita utuangalizie kompyuta yetu. Kila tukifungua mtandao inatwambia kivinjari kimezeeka."

Kivinjari, kwa asiyelizoea neno, ni ile programu unayoifungua ili uingie mtandaoni: Chrome, Firefox, Edge na wenziwe.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, waliyoletewa na mfadhili miaka mingi iliyopita. Inatumia Windows 7. Ndani yake mna orodha ya wanafunzi, hesabu ya ada, na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto wa watu. Barua pepe ya madrasa husomwa humo humo.

Kabla ya kugusa Chrome nilitazama pembe ya chini kulia, penye saa. Ilisema ni Januari 2009. Maalim akacheka: "Hiyo saa yake mbovu siku zote. Sisi tunatazama ya ukutani."

Kumbe nusu ya ugonjwa ulikuwa hapo. Tovuti ambayo anwani yake huanza na https huja na cheti cha kuthibitisha kuwa ni yenyewe. Cheti hicho kina tarehe ya kuanza na ya kumalizika, kama bima ya gari. Kivinjari hulinganisha tarehe hizo na saa ya kompyuta. Kompyuta ikiamini tuko mwaka 2009, cheti kilichotolewa juzi huonekana hakijaanza kazi, basi unapewa onyo kwamba mawasiliano si salama na ukurasa haufunguki. Hapo ukisasisha kivinjari mara kumi hupati kitu. Rekebisha tarehe. Na ikiwa tarehe inarudi nyuma kila umeme ukikatika, ujue betri ya ndani imekwisha. Ni ile ya duara kama sarafu, imeandikwa CR2032, na bei yake haifiki sahani ya biriani. Mwambie fundi akubadilishie.

Tuliporekebisha saa, tovuti kadhaa zikafunguka. Nyingine zikaendelea kukataa, na hizo ndizo zenye shida ya uzee hasa.

Kujua umri wa kivinjari ni rahisi. Katika Chrome bonyeza vile vidoti vitatu juu kulia, ingia "Help", kisha "About Google Chrome". Kama lipo toleo jipya ambalo kompyuta yako inaliweza, litajipakua lenyewe hapo hapo, kisha utaombwa ufungue upya. Kujua umri wa Windows, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter.

Ya maalim ilikuwa imesimama kwenye Chrome 109, na haikuwa na njia ya kusonga mbele. Toleo hilo la Januari 2023 ndilo la mwisho kukubali Windows 7, 8 na 8.1. Kuanzia 110, lililotoka Februari mwaka huo, Chrome inataka Windows 10 au zaidi. Microsoft wenyewe waliacha kuwatengenezea watu wa kawaida Windows 7 tangu tarehe 14 Januari 2020. Kivinjari hukaa juu ya Windows kama boriti zinavyokaa juu ya kuta. Kuta zikichoka, fundi mwenye akili hakubali kuweka dari mpya. Wanaosema "sasisha tu kivinjari" hawalisemi hili, na mtu huhangaika na kitufe ambacho hakiwezi kumsaidia.

Nikauliza kama kuna aliyejaribu kuisasisha. Kimya. Kisha maalim akasema kwa sauti ya chini kuwa kijana mmoja alitafuta "sasisha Chrome" mtandaoni, akabonyeza tangazo la kwanza lililojitokeza. Tangu siku hiyo kila wakiwasha mashine hujitokeza matangazo ya kamari. Katika madrasa! Nikafahamu kwa nini alikaa wiki kadhaa bila kumwambia mtu.

Kwangu mimi kamari ilikuwa ndiyo shida ndogo. Programu za namna hiyo huweza pia kuchukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwa hivyo tulitoa waya wa intaneti kwanza, kisha tukabadilisha nywila ya barua pepe kwa kutumia simu yangu, si kwa mashine ile. Nywila mpya ukiiandika kwenye kompyuta iliyoingiliwa umempelekea mwizi ufunguo wa pili. Sasisho la kweli linatoka ndani ya kivinjari chenyewe, au kwenye tovuti ya walioitengeneza, na anwani yake uiandike kwa mkono wako. Ukurasa wowote mwingine unaokupigia kelele kwa rangi nyekundu kwamba umechelewa, ufunge.

Sasa afanyeje mwenye Windows 7 asiye na pesa ya kompyuta nyingine? Kwa muda, iko Firefox 115 ESR, inayopatikana mozilla.org. Hili ni toleo la Julai 2023 ambalo Mozilla walilibakisha kwa ajili ya Windows 7 na 8, wakaongeza muda wa kulitunza zaidi ya mara moja. Huenda likakufungulia baadhi ya tovuti ambazo Chrome 109 inashindwa nazo. Lakini Windows iliyo chini yake bado ni ile ile isiyozibwa matundu, kwa hivyo mambo ya benki na ya kodi mimi singeyafanya humo.

Kuhamia Windows 10 nako si kama zamani, maana matunzo yake ya kawaida yalikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai RAM ya GB 4 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho mashine nyingi za umri huu hazina.

Ninayoipendekeza ni Linux Mint, ile ya Xfce iliyo nyepesi. Ni ya bure, inaendesha Firefox ya leo, na RAM ya GB 2 inaitosha kuanzia, ingawa 4 ni raha zaidi. Sharti kompyuta iwe ya biti 64. Kuipakua kunakula bando la karibu GB 3, na unaweza kuijaribu kutoka kwenye flashi bila kufuta chochote. Ukiridhika ndipo unaisakinisha, na hapo vilivyomo hufutika ukichagua kuipa diski nzima.

Hilo la kufutika ndilo lililomshtua maalim. "Na majina ya watoto?" Tukanunua flashi mbili. Moja ina nakala ya hati na orodha zote na imefungiwa kabatini kwake, nyingine nimeichukua mimi kuitia Mint. Jumamosi baada ya alfajiri tutaijaribu, na yule kijana nimeomba aje akae kando yangu.