Uhai wa Programu Tegemezi

Programu tegemezi ni ile isiyoweza kufanya kazi pasi na idhini ya jukwaa la kampuni nyingine. Mfano mwafaka ni Twitterrific, iliyoundwa na kampuni ya Iconfactory ya Marekani mwaka wa 2007 ili watumiaji wa Twitter wasome na kuandika jumbe kwenye tarakilishi za Mac. Mchango wake haukuwa haba: ndiyo iliyotangulia kutumia nembo ya ndege, na ndiyo iliyolieneza neno 'tweet', ambalo wenye jukwaa walilikubali baadaye. Wanaisimu watatambua kwamba hapa msamiati wa nyumba uliletwa na mpangaji. Hata hivyo, jumbe zote zilipitia mlango ambao ufunguo wake ulikuwa mikononi mwa Twitter. Tarehe 12 Januari 2023 mlango huo ulifungwa bila ilani. Wiki moja baadaye, masharti yakarekebishwa ili kupiga marufuku programu zinazoshindana na ile ya Twitter yenyewe. Msimbo wa Twitterrific haukuwa na hitilafu yoyote. Waundaji wake waliiondoa sokoni, wakawasihi wateja waliokwisha kulipia wasidai kurejeshewa pesa, kwani zingetoka mifukoni mwao wenyewe.